Wana-Kigoma, acheni volkano ya WhatsApp, tuongelee matetemeko ya kweli

Mgebuka Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Tangu juzi kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa mjini. Jamaa anaongea kwa sauti nzito kama anasoma tanzia redioni. Anasema katikati ya Ziwa Tanganyika kuna mlima wa moto umeanza kuchemka, wavuvi wameona maji yanatoa mapovu, na kabla mwezi haujaisha Kigoma itakuwa kama Goma, ule mji wa Kongo uliochomwa na lava, uji wa moto wa volkano. Shangazi yangu wa Katubuka ameshafunga mabegi mawili. Leo asubuhi mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu kaniuliza mbele ya darasa zima: mwalimu, lava ikija tukimbilie Mwandiga au Bangwe? Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana mtoto alikuwa anauliza kweli.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, si mtaalamu wa miamba. Ila hili somo nalifuatilia tangu nikiwa mdogo, na sababu ni hii.

Jumatatu ya tarehe 5 Desemba 2005 nilikuwa Kibirizi, bibi kanituma kugeuza dagaa. Saa tisa alasiri na dakika kama ishirini hivi mchanga ukaanza kuteleza chini ya miguu, kama mtu anavuta mkeka ulioukalia. Kilichonitisha ni mitumbwi iliyokuwa imepandishwa ufukweni. Ilikuwa inagongana yenyewe na upepo hakuna. Akina mama wakapiga mayowe, mmoja akaikumbatia chanja ya dagaa kana kwamba ndiyo itakayomwokoa. Nilipofika nyumbani Ujiji nikakuta ukuta wa chumba cha bibi umepasuka kuanzia kona ya dirisha mpaka kwenye bati, ufa wa kupitisha kiganja. Bibi mwenyewe kakaa nje kwenye jamvi anachambua mchele. "Ardhi imejinyoosha mgongo," akaniambia, akaendelea na mchele wake.

Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa 6.8. Kitovu chake kilikuwa ndani ya ziwa, kiasi cha kilomita 150 kusini mwetu, mji mkubwa wa karibu ukiwa Kalemie upande wa Kongo. Kule nyumba nyingi ziliporomoka na watu wasiopungua 6 walifariki. Lilisikika mpaka Nairobi na Dar es Salaam.

Shikeni hizo namba mbili: 6.8, watu 6.

Miaka miwili baadaye, Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, likapiga lingine Ziwa Kivu, kaskazini kidogo ya Bukavu. Hilo lilikuwa 5.9. Ukipiga hesabu ya nguvu iliyoachiwa (kila namba moja ukipanda, nguvu inazidi karibu mara 32), la kwetu lilikuwa zaidi ya mara 20 ya lile la Kivu. Lakini lile dogo liliua zaidi ya watu 30 upande wa Rwanda pekee, Rusizi na Nyamasheke, na wengine Bukavu. Lilipiga saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za kule, watu wako ibadani. Kuna kanisa liliwaangukia waumini ndani.

La kwetu lilipiga mchana wa siku ya kazi, watu wako shambani, sokoni, ufukweni. Likapiga chini kabisa, kilomita 20 na ushee, na juu yake kuna maji matupu badala ya mji. Hiyo ndiyo tofauti. Nenda nyuma zaidi: tarehe 13 Desemba 1910, wakati wa Mjerumani, Rukwa ilipigwa na tetemeko la 7.4, moja ya makubwa kabisa kupimwa Afrika katika karne nzima ya ishirini. Watu wengi wa kule wakati ule walikuwa wakilala kwenye nyumba za miti na nyasi. Lingekuja leo, Sumbawanga ya matofali, sitaki hata kufikiria.

Sasa chanzo. Bara letu linapasuka. Upande wa mashariki unaachana na upande mkubwa wa magharibi kwa milimita chache kwa mwaka. Kucha zako zinakua haraka kuliko hapo. Ziwa Tanganyika lenyewe ni huo mpasuko uliojaa maji, mita 1,470 kwenda chini, na chini ya maji kuna tope la kilomita kadhaa kabla hujagusa mwamba. Kingo za mpasuko hazitelezi kwa ulaini. Zinashikana, zinajikunja, zinavumilia miaka mia au mia mbili, halafu siku moja zinaachia. Kule kuachia ndiko tunakokuita tetemeko.

Volkano ni jambo la jirani, lakini si hilohilo. Ardhi ikinyooka ikawa nyembamba, na chini pakawa na mwamba ulioyeyuka wa kutosha, magma inapata upenyo wa kupanda. Kwenye mkono huu wetu wa magharibi wa Bonde la Ufa upenyo huo umepatikana sehemu nne tu: Toro kule Uganda, Virunga, Kivu Kusini, na Rungwe kule Mbeya. Kati ya Kivu na Rungwe ni ziwa refu la kilomita 673 lisilo na mlima wa moto hata mmoja. Kigoma tumekaa hapo katikati.

Na mapovu? Mapovu yapo, na ni ya zamani. Upande wa Kongo, Rasi ya Banza kaskazini mwa ziwa, kuna maji ya moto yanabubujika chini ya ziwa na watafiti wameyapima miaka mingi iliyopita. Ni maji yanayozama kwenye nyufa, yanapashwa joto chini, yanarudi juu. Mtu akirekodi video pale leo akaiita volkano, haimaanishi kimezaliwa kitu kipya.

Kwa hiyo hatuna volkano. Tuna tetemeko, na ndilo ambalo hakuna mtu aliyefunga mabegi kwa ajili yake. Karibuni tuchangie.

Nipo Nyuma

Uzi mtamu. Naweka kigoda hapa nasubiri wajuzi.

Mtoto wa Unyanyembe

Sisi wa Tabora tunawasalimu kutoka juu ya mwamba 😀 Nyie kaeni na ufa wenu na migebuka yenu, sisi tuna maembe na asali. Halafu mwalimu, mbona 2005 hata Tabora bati zililia? Nilikuwa naangalia mpira kwa jirani, antena ikaanguka, tukamlaumu mtoto wa watu.

Mgebuka Mkavu

Mnyamwezi, hapo umesema kweli bila kukusudia. Tabora iko juu ya moja ya vipande vya miamba mikongwe kabisa Afrika, zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Ni kigumu na kinene, mpasuko ulipofika hapo ukashindwa kukikata ukakizunguka: mkono mmoja ukapita kwetu magharibi, mwingine ukapita Manyara na Natron mashariki. Nyie mmekaa katikati ya mikono miwili. Lakini mwamba mgumu ni kama reli. Ukigonga huku, wa mbali anasikia. Mtasikia, mara chache sana mtaumia.

Na mtoto wa watu muombeni radhi.

Binti Virunga

Miye nimezaliwa Goma, sasa niko kambi ya wakimbizi Nyarugusu. Mwalimu umeeleza vizuri ila Goma umeipita mbio, ngoja nikusaidie.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021. Jua limezama, anga ya juu ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ikawa nyekundu kama jiko la makala. Hakuna aliyetupa habari mapema. Wenye umri wa mama yangu walielewa mara moja, maana waliona ya 2002, lava ilipokata mji, ikapita juu ya kiwanja cha ndege, ikaingia mpaka ziwani. Safari hii iliteketeza vijiji vya juu ikasimama Buhene, pembeni ya mji. Watu kama 30 hivi walikufa. Jumapili asubuhi wengi tukarudi, tukasema Mungu ametuhurumia, imeisha.

Hapo ndipo kutetemeka kulipoanza.

Mchana na usiku, kila dakika chache. Unaweka kikombe mezani kinatembea chenyewe. Unalala na viatu. Lava unaiona inakuja, unamfunga mtoto mgongoni unakimbia, unajua iko upande gani. Ile kutetemeka haina upande. Nyumba uliyoikimbilia ndiyo inakutisha. Barabara zikapasuka, ufa unaingia chini ya duka unatokea jikoni kwa jirani. Gisenyi ng'ambo ya mpaka, ambako haikufika hata tone la lava, nyumba zilianguka. Tarehe 27 ikatoka amri, mitaa 10 ya mji ihame, kwa sababu walisema moto umeshaingia chini ya mji na chini ya ziwa. Tuliondoka na miguu mpaka Sake, kilomita kama 25. Wengine walivuka Rwanda, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Watu kama laki nne barabarani kwa siku moja mbili. Sake hakukuwa na maji ya kunywa. Mama yangu alisema lava ilichoma kwa watu wengine, kutetemeka kumetuchoma sisi sote.

Kwa hiyo msiseme Goma ni moto. Goma ni moto siku moja, halafu ni kutetemeka juma zima.

Mgebuka Mkavu

Binti Virunga, pole sana na asante. Umenisahihisha na nimekubali. Niliandika kana kwamba volkano na tetemeko vinakuja kwa milango tofauti, kumbe kwenu vilipita mlango mmoja.

Niongezee upande wa darasani kwa wengine. Kule Goma, baada ya lava kutoka juu, magma ilijipenyeza kwa ubavu kama kisu, ikapita chini ya mji mpaka chini ya Ziwa Kivu. Kila inapopasua mwamba kupata njia, tetemeko dogo. Ndiyo maana yalikuwa mamia, mengi madogo, makubwa yakizunguka 5 hivi, na hayakuzama mbali. Tetemeko la 4.7 lililo karibu na uso wa ardhi, chini ya miguu yako, linaangusha ukuta ambao la 6 la mbali lingeuacha.

Hata kwetu Tanzania tulishaona mtindo huo. Julai 2007 ardhi ya karibu na mlima Gelai, kaskazini, ilitikisika kwa wiki kadhaa, moja lilifika 5.9 tarehe 17 na watu wa Nairobi wakatoka maofisini. Septemba, Ol Doinyo Lengai ikalipuka. Yaani volkano mara nyingi inapiga hodi. Tetemeko la aina yetu ya ziwani halipigi.

Mtabiri wa Mwanga

Serikali inajua tarehe, inaficha tu. Wazungu wana mitambo ya kujua tetemeko wiki nzima kabla.

Mgebuka Mkavu

Wangekuwa nayo Japani wangeitumia wao kwanza. Hakuna nchi duniani inayoweza kukutajia siku na saa ya tetemeko. Kinachowezekana ni kukwambia mahali gani litatokea tena siku za mbele, na hapo jibu tunalo: popote penye ufa. Volkano ndiyo inayofuatiliwa, na hata hiyo Goma 2021 iliwatoroka.

Mcha Mungu 77

Haya yote ni adhabu. Mji ukizidi uzinzi ardhi inakasirika.

Mama Sakina

Mwanangu, waliokufa Rusizi walikuwa kanisani wanasali. Tafakari unachoandika.

Senene wa Kashai

Niseme na mimi kidogo, mtu wa Bukoba. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini na saba alasiri. Kumbe matetemeko yanapenda saa tisa. Kagera hatuna volkano, na wengi wetu tulikuwa hatujui kwamba tetemeko ni kitu cha kwetu, tulidhani ni habari za Uturuki. Lilikuwa 5.9 kwa vipimo vya Wamarekani, wataalamu wetu walisema 5.7. Watu 17 walifariki upande wetu, nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka. Shule za Ihungo na Nyakato zilifungwa, wanafunzi wakapelekwa shule nyingine.

Nilichojifunza ni kwamba baada ya tetemeko kila mtu alikuwa mtaalamu wa kitovu na Richter, na hakuna aliyeuliza nyumba ipi imeanguka na ipi imebaki. Mtaani kwetu nyumba mbili zimepakana ukuta kwa ukuta, za umri mmoja. Moja ilikuwa kifusi, nyingine ilidondosha plasta tu. Iliyobaki ilijengwa na mzee mmoja mbishi aliyekataa kuruka lenta, ule mkanda wa zege na nondo juu ya kuta. Watu walikuwa wanamcheka kwamba anajenga benki.

Na wiki tatu tulilala nje kwa mvua. Hilo halipo kwenye hesabu ya vifo.

Fundi Heru

Nimekuja. Huyo mzee mbishi angekuwa Kasulu ningemtafuta nimpe mkono.

Nimejenga Kasulu, Buhigwe na Kigoma mjini mwaka wa kumi na tisa huu. Mwalimu ameandika "Sumbawanga ya matofali" kama vile tofali ndilo lenye kosa. Nampinga. Tofali la kuchoma la Kasulu likiiva sawasawa ukiligonga linalia kama kengele, halina shida. Shida ni kinacholiunganisha. Nyumba ngapi humu zimesimamishwa kwa tope, kisha nje zikapigwa plasta ya saruji na rangi ya krimu? Ukiitazama ni nyumba, ukiitikisa ni rundo la matofali yaliyopangwa. Tetemeko halivunji tofali, linaachanisha tofali na tofali.

La pili ni lenta. Tajiri anakwambia fundi weka lenta juu ya milango na madirisha tu, ukuta mwingine ruka, tuokoe nondo. Sasa hiyo si lenta, hivyo ni vipande vya mihogo. Lenta inatakiwa izunguke nyumba nzima bila kukatika, kuta za ndani pia, kama mkanda kiunoni. Nondo nne na ringi zake, zikutane kwenye kona na zipindwe ziingie upande wa pili, siyo ziishie pale zinatazamana. Ukiwa na uwezo weka mkanda mwingine chini juu ya msingi, na nondo ya kusimama kila kona. Hapo ardhi ikienda kushoto, nyumba nzima inaenda kushoto pamoja. Kuta zisizofungwa kila moja inaenda kwake.

La tatu hulisikii likisemwa: ule ukuta wa pembetatu wa ubavuni unaopanda mpaka kwenye paa. Mrefu, mwembamba, haujashikwa na kitu, na mara nyingi chini yake pana kitanda. Huo ndio unatangulia.

La nne, mlango au dirisha kubanwa kwenye kona. Angalieni ufa wa bibi yake mwalimu ulianzia wapi. Kona ya dirisha. Mara nyingi unaanzia hapo.

Mgebuka Mkavu

Fundi, hilo la tofali nimelipokea, na ufa wa bibi nimeutazama miaka yote hiyo bila kujiuliza kwa nini umeanzia pale. Tuliuziba kwa udongo, tukapaka chokaa. Bado upo chini ya chokaa.

Kaka wa Bangwe

Gharama fundi. Hapo ndipo mnapotupoteza.

Fundi Heru

Bei za nondo zinabadilika kila wiki, nikikutajia leo kesho utaniita mwizi. Ila kwa nyumba ya vyumba vitatu, kinachoongezeka kwa kuzungusha lenta badala ya kuikatakata huwa ni kidogo kuliko wanacholipa watu kwenye dari ya jipsamu ya sebule peke yake. Nimewajengea watu ambao hawana lenta kamili na wana taa za rangi tatu darini.

Mtoto wa Unyanyembe

Dari za jipsamu zimeumbuliwa mchana kweupe 😀

Mwalimu swali la kweli sasa. Kuna jamaa anasema hatari kubwa ni gesi, kwamba ziwa likitikiswa linatoa gesi linaua watu wote usingizini. Kweli au porojo?

Mgebuka Mkavu

Ni kweli kwa ziwa jingine. Ziwa Kivu lina gesi nyingi mno iliyoyeyuka kwenye maji ya chini, kama soda iliyofungwa: kabonidayoksaidi kiasi cha kilomita za ujazo 300, na methani kama 60. Rwanda wanaivuna hiyo methani, wana mtambo wa umeme wa megawati 26 pale Karongi. Hofu ya 2021, magma ilipoingia chini ya ziwa, ilikuwa hiyo. Mwaka 1986 ziwa dogo la Nyos kule Kameruni lilipumua kabonidayoksaidi usiku mmoja na watu wapatao 1,700 wakafa, na lile ni dimbwi ukilinganisha na Kivu.

Tanganyika haina akiba ya namna hiyo. Maji yake ya chini hayana oksijeni, samaki hawaishi huko, yana harufu ya yai bovu ukiyapandisha. Lakini soda siyo.

Binti Virunga

Sisi tuna neno lake: mazuku. Ni gesi inayotoka ardhini ikakaa kwenye mabonde madogo, nzito, haionekani. Unaona mbuzi amelala kwenye shimo, unadhani amechoka. Mtoto anashuka kumfuata, naye hapandi tena. Asubuhi kabla jua halijapasha ndiyo mbaya zaidi. Bibi alikuwa akituambia ukiona ndege wamekufa bondeni usiinamishe kichwa, rudi ulikotoka.

Samahani, nimetoka nje ya mada ya Kigoma. Ila mtu akisema gesi, mimi namuona yule mbuzi.

Nipo Nyuma

Hujatoka nje ya mada hata kidogo dada. Endelea.

Kaka wa Bangwe

Na mawimbi je? Sisi tunaolala mita thelathini kutoka majini. Na tangu ziwa lipande ile 2020 na 2021 maji yako uani kabisa.

Mgebuka Mkavu

Swali lako ndilo linaloninyima usingizi kuliko lava. Kingo za ziwa hili ni mwinuko mkali, ndani ya maji pia. Tetemeko likiangusha kipande cha kingo chini ya maji, maji yanasukumwa. Kwa hiyo ukitikiswa uko ufukweni kiasi cha kushindwa kusimama, usisubiri kuona ziwa linafanya nini, wala usirudi kuokoa nyavu. Panda. Bahati yetu Kigoma ni milima, dakika kumi uko juu.

La pili kwa nyie wa kando ya maji ni mchanga wenyewe. Mchanga uliolowa ukitikiswa sana unageuka uji, nyumba inazama upande mmoja hata kama fundi aliijenga vizuri. Nyumba yenye lenta juu ya mchanga mbichi na nyumba yenye lenta juu ya mwamba wa mlimani, hizo si nyumba ndugu.

Fundi Heru

Hapo mwalimu yuko sahihi. Ufukweni mimi nachimba msingi mpaka nikutane na ardhi inayonikatalia jembe, na nisipokutana nayo namwambia tajiri ukweli. Wawili walitafuta fundi mwingine.

Mama Sakina

Wanangu nimesoma yote tangu mwanzo, macho yanauma. Mimi niko Ujiji, nyumba ya marehemu mume wangu, tofali za kuchoma na tope kama alivyosema fundi, plasta nje. Lenta ipo juu ya milango tu. Uwezo wa kubomoa nijenge upya sina na sitakuwa nao. Mmeniambia nyumba yangu ni rundo la matofali. Haya, nifanye nini leo jioni?

Fundi Heru

Shikamoo mama. Umeniuliza swali nililotakiwa kulijibu kabla ya kuanza kujigamba na nondo.

Kitanda cha watoto kiko chini ya ukuta upi? Kama ni ule wa pembetatu, kisogeze leo hii, kikae upande wa ukuta wa ndani ulio mfupi. Kabati likae mbali na kitanda na mlango, na vitu vizito vilivyo juu yake vishuke chini. Mlango wa kutokea usiwe na gunia la mkaa nyuma yake. Usiku funguo ikae sehemu moja ambayo kila mtu anaijua.

Ukipata pesa kidogo, usianze na rangi. Bomoa ile pembetatu tu, tunaziba kwa mbao na bati, nyepesi, ikianguka haiui mtu. Ni kazi ya siku mbili. Pesa nyingine ikija tunafungua plasta kwenye kona nne, tunaweka wavu wa chuma ndani na nje, tunaupitishia waya ukutani, tunapiga plasta ya saruji upya. Haitakuwa kama nyumba mpya. Itakupa muda wa kutoka.

Senene wa Kashai

Mama, ongeza hili kutoka kwetu: likishatulia usirudi ndani haraka kuchukua kitu. Yanafuata mengine. Kwetu yalifuata siku nyingi. Ukuta uliopona la kwanza unakuwa umeshalegea, dogo tu linaumaliza.

Binti Virunga

Na viatu karibu na kitanda. Vioo vinakatakata miguu, hakuna anayekumbuka viatu.

Mama Sakina

Marahaba fundi. Nimetoka kutazama. Kitanda cha watoto kiko hapo hapo, chini ya pembetatu, na juu ya kabati kuna mashine ya cherehani ya mume wangu, ile ya chuma. Sijawahi kuiwaza.

Fundi Heru

Cherehani ishuke leo mama, kabla hujajibu ujumbe huu. Jumamosi nina kazi Gungu, nikimaliza napita Ujiji nitazame. Kutazama sichaji.

Kaka wa Bangwe

Fundi ukimaliza Ujiji njoo na Bangwe basi. Na mimi sichaji chai.

Mama Sakina

Imeshuka. Tumeibeba watu watatu. Kitanda kimehamia ukuta wa ndani, Sakina analalamika kwamba feni haimfikii. Fundi, ukija utakuta ugali na kuhe.

Mgebuka Mkavu

Nimetoka kwa shangazi Katubuka sasa hivi. Nimemsomea uzi wote kuanzia juu, pamoja na ya dari za jipsamu, akacheka mpaka akakohoa. Begi moja amelifungua, vitenge vimerudi sandukuni. La pili amekataa. Lina nguo za wajukuu, tochi, viatu vya kila mmoja na vyeti vya kuzaliwa, na amelihamishia nyuma ya mlango. Sikumbishia.